Mlango Ulioonyeshwa na Mbuzi

Jumamosi moja ya kiangazi nilikuwa nimekaa barazani kwenye nyumba ninayopanga Nzuguni, pembezoni mwa mji, nachambua mchele, lori la mawe likaingia kwa jirani. Huku kwetu siku hizi malori ya mawe ni kama kuku, yanapita mchana kutwa na hakuna anayegeuza shingo. Kila mtu anajenga. Lori likainua mgongo, mawe yakaporomoka kwa ile ngurumo inayotikisa sufuria jikoni, vumbi likapanda, na lilipotulia nikaona juu kabisa ya lundo jiwe moja lenye uso mweupe.

Si weupe wa jiwe lenyewe, rafiki yangu. Weupe wa chokaa. Chokaa ya zamani, iliyogeuka rangi ya maziwa ya mgando, imejificha kwenye mikunjo ya jiwe kama unga unavyojificha kwenye kucha za mpishi.

Niliacha ungo nikasogea. "Kaka, haya mawe mmeyatoa wapi?"

"Bahi huko, dada," dereva akasema, huku akifunga mlango wa nyuma wa lori. "Kuna kilima, chini yake kuna shule. Mawe yake mazuri, mengine yalikuwa yameshapangwa. Unapakia tu, huchimbi."

Nikamwomba jirani lile jiwe. Alinitazama, akalitazama jiwe, akacheka. "Chukua. Moja litapunguza nini kwenye msingi? Ila ukija kila siku nitajua unajenga kwa siri."

Usiku ule jiwe lililala mlangoni kwangu kama mgeni aliyefika bila taarifa. Nikajua ni lazima nilirudishe. Na ili uelewe kwa nini mtu mzima apande basi na jiwe kwenye mfuko, inabidi nikupeleke kwanza kwa bibi yangu.

Kijiji chetu kilikaa chini ya kilima hicho, upande ambao mvua zikiwa nyingi unaiona mbuga ya Bahi ikimetameta kwa mbali kama bati jipya. Miaka hiyo ya maji watu waliteremka na baiskeli wakarudi na kambale wamening'inia kwenye usukani, na kijiji kizima kilinuka samaki wa kubanikwa. Miaka mingine, ambayo ndiyo mingi, mbuga ilikauka ikapasuka, nasi tukaishi kwa uwele, mlenda na subira. Nililelewa na bibi mzaa mama katika nyumba ya tembe, ile ya paa bapa la udongo. Mbuzi walilala upande mmoja, sisi upande wa pili, na ukuta kati yetu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba niliwajua mbuzi wetu kwa vikohozi vyao. Alfajiri iliingia na sauti ya jiwe la kusagia, kwaru, kwaru, bibi akisaga uwele huku ananung'unika jambo ambalo halikuwa wimbo wala sala. Moshi wa kuni ulichanganyika na joto la zizi. Mpaka leo nikiipata harufu ile mahali popote, najisikia nimefika.

Juu ya kilima kulikuwa na mazizi ya mawe. Sisi tuliyaita mazizi kwa kuwa hatukuwa na jina lingine. Yalikuwa saba, ya mviringo, mawe yamepangwa juu ya mawe bila udongo wala saruji, na yakashikana hivyohivyo kwa umri ambao hakuna aliyeujua. Manne yalikuwa yameanguka, yamebaki marundo. Matatu yalisimama hadi kiunoni mwa mtoto. Nani aliyajenga? Sisi Wagogo tunajenga tembe, nyumba yenye pembe. Hatujengi mviringo, wala hatujengi kwa mawe. Ukimuuliza bibi, alisema ni ya wenyewe, basi. Na wenyewe walikwenda wapi?

"Hawakuniaga," alijibu, akaendelea kunusa ugoro wake.

Kiangazi chote bibi alichunga mbuzi huko juu, kwa sababu ndani ya mazizi yale upepo haukupiga, na saa za jua kali ukuta ulitoa kivuli kidogo cha kutosha kichwa cha mbuzi na kichwa cha bibi kizee. Kila zizi lilikuwa na pengo moja jembamba, la kupita mtu mmoja, na hilo ndilo lilikuwa mlango. Ukuta ulikuwa mfupi, hata bibi angeweza kuuvuka kwa kuinua kanga. Hakuuvuka hata siku moja. Alisimama kwenye pengo, akagonga fimbo chini mara mbili, akasema, "Hodi. Mbukwenyi," salamu yetu ya kuwasalimu watu wengi. Akasubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenyeji nafasi ya kujifunga kanga. Kisha akaingia, na mbuzi nyuma yake, mmoja mmoja, akitangulia jike mzee mwenye pembe moja. Mbuzi aliyeruka ukuta alichapwa. Nami nikiruka nilichapwa, kwa fimbo ileile.

"Bibi, kwani humu kuna mtu?" niliwahi kumuuliza, nikijisugua mguu.

"Wewe ukienda kuchota maji, nyumba yetu inakuwa haina mtu?"

Nilikuwa darasa la tano mwaka ule wa wapimaji.

Mwalimu mkuu wetu alitoka upande wa Kongwa. Alikuwa mtu wa shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa, mpole, asiyependa kuchapa, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: alipenda vitu vilivyonyooka. Kama umesoma shule zetu za msingi, unajua mawe ya shule. Njia ya kuingilia ina mawe pande zote mbili, bustani ina mawe, mlingoti wa bendera umezungukwa na mawe, na yote yamepakwa chokaa. Kwetu yalipakwa kila mwisho wa mwezi, na jiwe lililotoka mstarini lilirudishwa kwa kamba.

Asubuhi moja akatutangazia mstarini kwamba wageni wanakuja kutoka chuo kikuu. Watapima mazizi ya kilimani na kuyachora. Kilima kikishachorwa kitaandikwa, alisema, na kikishaandikwa hakuna mtu atakayekigusa, si leo, si wajukuu wenu watakapokuwa wazee. Niliona jinsi alivyolisema hilo. Alikuwa ameandika barua nyingi kabla ya kujibiwa moja.

"Sasa," akasema, "mtu akija kwenu kumwona mtoto, mama yako anamtoa mtoto na makamasi?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi nasi hatuwatoi wageni mawe yenye makamasi."

Wiki nzima hatukusoma sana. Tulibeba mafyekeo, mafagio na ndoo. Maji ya kukorogea chokaa tuliyateka kwenye visima vya mchangani, kule korongoni, ambako unakaa na kata unasubiri maji yajitokeze kama unasubiri mtu mwenye aibu aseme. Ndoo ilijaa kwa saa nzima. Bibi aliniona nikipita nayo kuelekea kilimani.

"Maji ya kuoga hatuna," akasema, "nyie mnaogesha mawe."

Tuligawanywa makundi matatu, kila kundi zizi lake lililosimama. Mimi nilikuwa kiongozi wa kundi la tatu, na letu lilikuwa lile dogo, alilolipenda bibi. Tulifagia ndani mpaka ardhi ikabaki na mistari ya fagio. Tuliinua mawe yaliyoanguka tukayarudisha juu. Mwalimu alikuja akaliangalia, akazunguka, akasema, "Vizuri. Zibeni mapengo, liwe duara kamili."

Hapa, rafiki yangu, sijitetei. Wenzangu wengi hawakuchunga huko. Waliona mapengo tu, kama jino lililong'oka. Mimi nilijua. Nilikuwa nimepita pale mara mia, nimesema hodi mara mia. Ila kundi la pili walikuwa wameshamaliza, nilikuwa nawasikia wakiimba, na mimi nilitaka tuwe wa kwanza. Nikachagua mawe mwenyewe. Nilitafuta yenye uso mzuri, nikayapanga yakashikana, nikageuza moja bapa mara nne hadi likakaa. Kisha tukapaka chokaa kwa brashi za katani, na mwalimu akawaita makundi yote waje waone.

"Tazameni la kundi la tatu," akasema. "Hata panya hana pa kupita."

Nilibeba sifa ile hadi nyumbani kama mtu anavyobeba maziwa, bila kutaka yamwagike. Bibi alikuwa anapiga mlenda jikoni. Nikamsimulia kila kitu, fagio, chokaa, jiwe bapa. Mwiko ukasimama.

"Na mlango?"

"Tumeziba."

Moto ulilia kidogo. Bibi hakugeuka.

"Nyumba isiyo na mlango ni kaburi," akasema. "Mmewazika watu wazima wazima."

Tangu siku ile hakupeleka mbuzi kilimani. Aliwapeleka korongoni, kwenye kivuli kibaya cha miiba, na walirudi jioni wamekonda kwa hasira. Nami hakuniita jina langu. "Wewe wa kundi la tatu, lete kuni." "Wewe wa kundi la tatu, chungu kinaungua." Hujawahi kuadhibiwa, kama hujaadhibiwa kwa sifa yako mwenyewe.

Wageni wakafika. Walikuwa watatu, vijana wawili wa kiume na mama mmoja, mkubwa wao, mwenye kofia ya ukindu na suruali ya mifuko isiyohesabika. Walishusha fito za rangi nyekundu na nyeupe, vigingi, na chombo cha miguu mitatu ambacho tuliambiwa tusikiguse, na ambacho kila mmoja wetu alikigusa. Tukapanda nao tukiimba. Mwalimu mkuu alitangulia, shati lake likimetameta.

Tulipofika juu, mazizi matatu yalikuwa yanawaka kwa jua la saa nne, meupe kama mayai yaliyotagwa na ndege wa ajabu. Nyimbo zikaisha. Mama yule alisimama, akavua kofia, akakaa chini kwenye vumbi.

"Watoto wamejitahidi, mama," mwalimu akasema.

"Naona."

"Kazi ya wiki nzima."

"Naona, mwalimu." Kisha akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa na ukali wowote, na nafikiri ndiyo maana iliuma, "Milango ilikuwa wapi?"

Mwalimu akatugeukia. Tukanyoosha vidole, watoto wote, kila mmoja upande wake. Kijana mmoja wa wageni akasema nyumba hizi zina milango mingi kuliko stendi, na hakuna aliyecheka.

Mama akatueleza kama anavyoeleza mtu watoto wake. Mlango ndio unaomwambia mpimaji watu wale walielekea wapi walipoamka, upepo gani waliukwepa, jirani gani walitazamana naye. Ukuta unaweza kurudishiwa mawe, lakini hawezi kuchora mlango kwa kubahatisha. "Nikiichora ilivyo sasa, nitakuwa nimechora kazi ya darasa la tano," akasema. "Nzuri sana. Lakini sikutumwa hiyo." Kesho asubuhi walikuwa wanaondoka kwenda kilima kingine. Kama milango isingepatikana, chetu kingeachwa.

Mwalimu mkuu alisimama palepale. Mikono ilimning'inia tu. Jasho lilikuwa limechora ramani yake mwenyewe mgongoni kwenye lile shati.

Nikaenda kwenye zizi letu. Nilijua nitaukuta mlango. Mikono iliyoziba ni hii hii. Nikazunguka mara moja, nikazunguka mara ya pili nikipapasa, na mara ya tatu machozi yalikuwa yananizuia kuona. Chokaa ilikuwa imeyafanya mawe yote ndugu. Sikuliona hata lile bapa, kwa maana nilikuwa nimelikaza vizuri kiasi kwamba liliingia ukutani kama limezaliwa pale. Nilikuwa nimeifanya kazi yangu vizuri mno.

Nikakimbia nyumbani. Bibi alikuwa amekaa nje, anabangua karanga, mbuzi wamepumzika ndani. Sikumsalimu. Nikaanza kuondoa miti ya mlango wa zizi.

"Wewe wa kundi la tatu. Unawapeleka wapi mbuzi wangu?"

"Kilimani."

"Wakafanye nini?"

"Wakaonyeshe mlango." Hapo nikalia kwa sauti. "Mimi nimeutafuta, bibi, nimezunguka mara tatu, siuoni. Wageni wataondoka. Lakini mbuzi wanaujua."

Aliweka karanga chini. Akachukua ugoro, akanusa pua moja, akanusa ya pili, kisha kikamtoka kicheko kilichomwaga ugoro wote kwenye kanga.

"Ni kweli," akasema, akijipangusa. "Mbuzi hawajasoma. Watakuwa wanakumbuka."

Akashika fimbo yake.

Nikifumba macho sasa naiona ile safari. Bibi mbele, kanga imefungwa kiunoni kama anakwenda kulima, mbuzi kumi na kitu nyuma yake wakikohoa kwa furaha maana walijua njia inaelekea wapi, na mimi mwisho nikilia na kufuta. Kule juu watoto walitupisha. Mwalimu mkuu akaja mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyewapaka poda wazee wangu?"

"Ni mimi, bibi."

"Hujawanyoa tu."

"Nisamehe, bibi. Nilitaka wapendeze."

"Walikuwa wanapendeza," bibi akasema, lakini alisema kwa sauti ya chini, na nadhani hapo ndipo alipomsamehe. Kisha akatuambia wote tukae chini tufunge midomo, hata wageni, kwa sababu mbuzi hawapendi kusaidiwa.

Mwanzoni walituaibisha. Weupe ule uliwaogopesha, wakajikusanya mbali. Kisha dume mmoja mchanga akasogea, akaramba chokaa, akaipenda, na wenzake wawili wakaja kuramba pia. Watoto waliziba midomo kwa viganja. Yule kijana wa chuo akatazama saa yake. Bibi hakusogea. Aliegemea fimbo, anatazama mbuga kwa mbali kana kwamba yaliyokuwa yakiendelea pale hayamhusu.

Yule jike mwenye pembe moja ndiye aliyeanza. Aliacha wenzake warambe. Akatembea kandokando ya ukuta, polepole, kichwa chini, akipita mahali ambapo mimi ningeapa ndipo. Alizunguka hadi upande wa mashariki, unaopigwa na jua la asubuhi, akasimama. Akaweka kwato moja juu ya jiwe, akaitoa. Akaweka paji la uso wake ukutani, kama mtu aliyekuta mlango umefungwa na hakuambiwa. Akageuka kumtazama bibi, akalia. Na mbuzi waliobaki, wale wa kuramba na wale wa kuogopa, wakaja wakapanga foleni nyuma yake.

"Hapo," bibi akasema.

Mama wa mawe, ndivyo tulivyomwita baadaye, akafunga uzi mwekundu kwenye jiwe pale. Akauliza nani aliziba. Nikanyoosha mkono. "Basi zibua wewe," akasema. Nikaondoa jiwe la kwanza, la pili, na la tatu likawa lile bapa, nililolijua mara tu lilipoachana na mwenzake. Nilitoa yote, nikayaweka pembeni, uso wa chokaa chini, kwa kuwa bibi alisema hataki kuona poda. Mkono wangu ulipofika ardhini nikakuta kitu ambacho sikuwahi kukigundua siku zote nilizopita pale: jiwe la kizingiti, limelika katikati, laini kama jiwe letu la kusagia. Mama wa mawe alipiga magoti akaliwekea kiganja, akakaa hivyo.

Bibi hakumruhusu mtu kuingia hivihivi. Aligonga fimbo mara mbili. "Hodi. Mbukwenyi." Akasubiri. Akaingia, na mbuzi, kisha mwalimu mkuu kwa shati lake lenye ramani, kisha wageni watatu, kila mmoja akisema hodi kwenye pengo. Zizi lilikuwa dogo. Tulibanana humo kama karanga kwenye ganda, mbuzi wakitukanyaga vidole, na kwa mara ya kwanza nikafikiria kwamba kulikuwa na mtoto humu, wa umri wangu, aliyechapwa kwa kuruka ukuta.

Mbuzi walionyesha milango ya yale mazizi mawili mengine kabla ya saa nane. Wapimaji walifanya kazi hadi jua likawa jekundu. Mama wa mawe alinipa ncha ya futi kamba. "Shika sifuri," akaniambia. "Sifuri usiiachie, namba zote zinaitegemea." Niliishika kwa mikono miwili hadi vidole vikafa ganzi. Jioni alinionyesha karatasi yake: duara la penseli, kila jiwe limechorwa, na upande wa mashariki mstari umekatika, pengo jeupe la upana wa ukucha wangu. Pembeni alikuwa ameandika kwa herufi ndogo, "Mlango. Umeonyeshwa na mbuzi."

Usiku ule bibi aliniita jina langu. Alinituma chumvi.

Nakala ya mchoro ilitundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mvua za mwaka ule ziliosha chokaa ukutani, mawe yakarudi rangi yake, isipokuwa yale niliyoyalaza uso chini, bibi akarudi kilimani. Kisha maisha yakafanya kazi yake. Mwalimu akahamishwa. Mchwa walipanda ukuta wa ofisi wakala mchoro kuanzia chini. Bibi alifariki nikiwa sekondari, na mbuzi wakagawanywa kwa wajomba, mmoja huku, wawili kule. Nami nikaja mjini, nikaanza kuandika habari za watu wa kubuni, na kilimani sikurudi. Sikuona haraka. Kilikuwa kimechorwa, kimeandikwa. Nililiamini neno la mwalimu kama nilivyoamini jedwali la kuzidisha.

Basi Jumapili nikapanda basi hadi Bahi na jiwe langu kwenye mfuko, na kutoka hapo nikachukua bodaboda. Kijana alipima mfuko kwa mkono akashangaa.

"Dada, umebeba nini humu?"

"Jiwe."

"Unalipeleka wapi?"

"Kilimani."

Aliwasha pikipiki, akaizima ili acheke vizuri. "Wenzako wanashusha, wewe unapandisha. Haya, twende, nisije nikasema niliota."

Shule ipo. Njia ya kuingilia ina mawe pande zote mbili, yamenyooka, meupe, hakuna hata moja lililotoka mstarini. Nyuma yake kilima kimeliwa ubavu mzima. Pale ilipokuwa njia ya mbuzi kuna njia ya malori. Juu, kina mama walikuwa wamekaa chini ya vivuli vya kanga zilizofungwa kwenye miti, wanagonga kokoto, ko, ko, ko, kila mmoja na kilima chake kidogo mbele yake. Niliwasalimu, nikamuuliza wa karibu kuhusu mazizi ya mawe.

"Yalikuwepo," akasema. "Tulianza na hayo."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na mtoto mgongoni, na nyundo yake haikusimama.

Nikatembea huku na huku. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, lakini si kwa hili: hapakuwa na kitu cha kuzunguka. Siku ile nilipotea kwa sababu kila mahali palikuwa ukuta. Safari hii kila mahali palikuwa wazi, unaingia upande wowote utakao, na hapakuwa na hata sehemu moja ya kusimama useme hodi. Nikajaribu kutumia jua, nikageukia mashariki, nikatafuta mbuga kwa mbali ili nijipime nayo. Kundi la mbuzi wa mtu likapita. Niliwatazama kwa tumaini la kijinga, naomba unielewe. Wakapita katikati, wametawanyika, wakila wanachoona, bila kuinamisha kichwa popote.

Hata hivyo nikachagua mahali. Nadhani ndipo. Sina mbuzi wa kuniambia. Nikalitoa jiwe mfukoni nikaliweka chini, uso wa chokaa ukielekea ardhini, nikarudi nyuma nikalitazama. Kina mama walikuwa wameacha kugonga, wananiangalia.

Kisha nikainama tena, nikalisogeza hatua moja pembeni, lisije likawa limekaa mlangoni.